Kelele na mtetemo kwenye injini ya 1NZ: tafuta chanzo kabla ya kununua spea

"Gari linatetemeka kwenye foleni, nimebadilisha plagi zote nne na bado." "Asubuhi nikiwasha inalia krrr halafu inanyamaza, je, ni cheni?" "Fundi kasema tufungue injini, nifanyeje?" Maswali haya hayaishi, na mengi yanatoka kwa wenye Probox, IST, Raum, Spacio, Premio, Allion na baadhi ya Vitz. Magari haya mengi yana injini moja, 1NZ-FE: cc 1,497, silinda nne, cheni ya taimingi badala ya mkanda, na koili moja juu ya kila plagi. Ni injini ngumu, inayovumilia mengi, lakini sasa nyingi zimeshatembea zaidi ya kilomita laki mbili na zimeanza kusema.

Mwongozo huu unafuata injini hiyo. Kama gari lako lina injini nyingine ya petroli yenye silinda nne, mpangilio wa hatua unabaki uleule, ila vipimo vyenye namba tafuta vya kwako. Jina la injini limeandikwa kwenye bamba la chasisi ndani ya boneti.

Hatua zimepangwa kuanzia zisizo na gharama. Usiruke. Mtu akianza na hatua ya sita kwa sababu jirani alipata tatizo kama lake, mara nyingi ananunua koili nne wakati oili ndiyo imepungua.

Vitu vya kuwa navyo

- Soketi ya plagi namba 16 yenye mpira au sumaku ndani, ekstensheni ya sentimita 15 hadi 25, na racheti
- Soketi na spana namba 10, 12 na 14
- Bisibisi bapa ndefu, au mpira wa maji wenye urefu wa mita moja hivi
- Fila geji ya kupimia nafasi ya plagi
- Chupa ya kupulizia maji, ile ya saluni
- Dawa ya kusafishia throto (mlango wa kupitishia hewa ya injini), na dawa ya sensa ya hewa. Hizi ni chupa mbili tofauti, moja haifanyi kazi ya nyingine
- Tochi, vitambaa safi, kipande cha chaki au peni ya kuwekea alama
- Kipimo cha OBD, cha kusoma namba za kosa kwenye kompyuta ya gari, kama unacho
- Geji ya kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Hii usinunue, azima kwa fundi ukifika hatua ya kumi

Fanyia kazi mahali tambarare na penye hewa, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wa ekzosi unaua bila kunusa kitu. Handbreki juu, gia kwenye P. Vua kitenge, lanyadi ya kitambulisho, mkufu, na kunja mikono ya shati: mkanda wa alteneta ukishika nguo hauachii.

Hatua ya 1: Andika kelele inatokea lini

Chukua karatasi. Injini ikiwa baridi au ya moto? Gari limesimama au linatembea? Kwenye N au kwenye D tu? AC ikiwashwa inaongezeka? Ukipanda mlima? Rekodi kwa simu pia, maana gari likifika kwa fundi huwa linanyamaza.

Kisha gawa kelele kwa jaribio moja. Gari likiwa limesimama kwenye P, panda taratibu hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Kelele ikipanda pamoja na injini, chanzo ni injini au kitu kilichofungwa juu yake. Ikiwa hutokea gari likitembea tu, na haibadiliki unapoachia pedali ya mafuta, hiyo ni beringi ya tairi, tairi lenyewe au shafti. Funga boneti, mwongozo huu si wako.

Kuna hesabu moja inayosaidia sana. Injini ikiunguruma gari limesimama huzunguka kama mara 700 kwa dakika, yaani karibu mara 12 kwa sekunde. Kamshafti, shafti inayofungua valvu, huzunguka nusu ya hapo, mara 6 kwa sekunde. Kwa hiyo kelele ya valvu moja, au ya silinda moja isiyochoma, huja kwa mdundo wa polepole ambao karibu unaweza kuufuata kwa kidole juu ya meza. Kelele inayokuja haraka maradufu kwa kawaida inatoka chini, kwenye kranki, au kwenye puli.

Hatua ya 2: Pima oili

Zima injini, subiri dakika tano, futa kijiti, chomeka tena, soma. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza robo lita, pima, ongeza tena. Usimimine galoni na kuombea. Injini hii inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, na oili yake ni 5W-30.

Kwenye 1NZ oili haifanyi kazi ya kulainisha tu. Mgandamizo wa oili ndio unaokaza tenshena ya cheni na ndio unaoendesha VVT-i, ule utaratibu wa kusogeza kamshafti. Oili ikipungua au ikiwa tope, cheni inalegea na VVT-i inachelewa, na hapo unapata kelele na mtetemo kwa pamoja hata kama hakuna kilichoharibika. Kama oili ni nyeusi nzito na hukumbuki ilibadilishwa lini, ibadilishe pamoja na filta kabla ya kuendelea na lolote.

Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Simama hapo na tafuta gasketi ya silinda hedi. Taa nyekundu ya oili ikiwaka injini ikiwa inazunguka, zima papo hapo. Usijaribu kufika nyumbani.

Hatua ya 3: Sikiliza sehemu kwa sehemu

Weka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Mpira wa maji ni salama zaidi kwa anayeanza: ncha moja sikioni, nyingine unaizungusha karibu na injini. Kaa mbali na mkanda na feni ya rejeta, ambayo inaweza kuwaka yenyewe wakati wowote.

*Tiki-tiki nyepesi juu ya injini, kwenye nozeli.* Hiyo ni kawaida. Nozeli, zinazopuliza petroli, zinafunguka na kufunga. Watu wamefungua injini kwa ajili ya mlio huu.

*Taka-taka juu, chini ya kava ya valvu, yenye mdundo wa polepole.* Nafasi ya valvu. Injini hii haina vifaa vinavyojirekebisha kwa oili. Nafasi hupimwa injini ikiwa baridi, mm 0.15 hadi 0.25 kwa valvu za kuingiza hewa na mm 0.25 hadi 0.35 kwa za kutoa moshi. Kurekebisha kunahitaji kubadilisha vikombe vyenye unene tofauti, kazi ya fundi mwenye maikromita. Si dharura.

*Tiki-tiki inayosikika zaidi asubuhi na kupungua injini ikipata moto.* Mara nyingi si valvu, ni gasketi ya ekzosi inayovuja. Chuma kikipata moto hutanuka na kuziba upenyo. Tafuta alama nyeusi ya masizi pale ekzosi inapofungwa kwenye injini.

*Krrr ya sekunde moja au mbili unapowasha asubuhi, upande wa mkanda wa alteneta.* Tenshena ya cheni au gia ya VVT-i inasubiri oili ipande. Anza na oili mpya na filta nzuri yenye valvu ya kuzuia oili isirudi chini. Filta za bei ya kutupa nyingi hazina valvu inayoshika. Krrr ikiendelea hata injini ikiwa ya moto, cheni imevutika. Usiisogeze mbele hiyo: cheni ikiruka meno, pistoni na valvu zinakutana.

*Ko-ko-ko nzito kutoka chini, inayoongezeka ukikanyaga mafuta.* Beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki. Zima. Maelezo yako mwishoni.

*Kokoto ndani ya kopo, ukipanda mlima au ukikanyaga ghafla.* Petroli inalipuka kabla ya wakati wake. Sababu ya kwanza kuichunguza ni mafuta yaliyochakachuliwa. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hufanya hivi hasa. Maliza tanki, jaza kituo kingine, sikiliza tena. Ikibaki, angalia kama injini inachemsha au ina kaboni nyingi.

*Mlio wa bati linalotetemeka kwenye mzunguko fulani tu.* Kinga ya joto ya ekzosi imelegea. Gonga bati kwa ngumi, ekzosi ikiwa baridi, utaisikia. Klampu moja inamaliza.

Hatua ya 4: Jaribu mkanda

Mlio wa chwii au mlio kama wa ndege: pulizia maji kidogo upande wa mkanda wenye mistari, injini ikizunguka. Mlio ukikata kisha ukarudi, mkanda umechakaa au puli hazijakaa kwenye mstari mmoja. Mlio ukizidi, mkanda umelegea.

Kwa mlio wa kusaga, injini ikiwa imezimwa na baridi, toa mkanda, washa kwa sekunde zisizozidi 30. Ukinyamaza, chanzo ni alteneta, pampu ya maji au puli mojawapo: zizungushe kwa mkono moja moja, utasikia ukwaruzo. Usizidishe muda, kwa sababu mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji.

Msipake mkanda grisi, sabuni wala dawa ya kuondoa mlio. Inanyamaza siku mbili, kisha inateleza na betri inakufa.

Hatua ya 5: Soma namba za kosa

P0301 hadi P0304 inakutajia silinda isiyochoma. Tarakimu ya mwisho ndiyo silinda, na silinda ya 1 ni ile ya upande wa mkanda. P0300 ni kumisi, yaani kukosa kuchoma, kunakohama silinda, hivyo fikiria hewa au mafuta kwanza. P0171 ni hewa nyingi kuliko petroli. P0011 na P0012 ni VVT-i: kabla ya kununua valvu yake ya oili, safisha chujio dogo lililo kwenye njia ya oili na ubadilishe oili.

Magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana soketi ya pini 16 lakini hayazungumzi na vipimo vya bluetooth vya bei rahisi. Kipimo kisipounganisha, usikubali kuambiwa kompyuta ya gari imekufa. Nenda kwa mwenye mashine inayosoma Toyota za Japani.

Taa ya injini *ikipepesa* badala ya kuwaka tu, petroli mbichi inaingia kwenye masega ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi na kuyaunguza. Punguza mwendo, na usiendelee na safari ndefu.

Hatua ya 6: Tafuta silinda iliyolala

Hapa ndipo matatizo mengi ya mtetemo yanapopatikana, kwa hiyo nenda taratibu.

1. Toa kava ya plastiki. Andika 1, 2, 3, 4 kwenye koili kuanzia upande wa mkanda.
2. Injini ikiwa imezimwa, chomoa soketi ya koili ya 1. Bonyeza kilimi huku ukisukuma soketi mbele kidogo, ndipo uvute. Plastiki za umri huu zimekauka na kilimi kikivunjika soketi italegea, na utakuwa umejitengenezea kumisi kwingine.
3. Washa, sikiliza sekunde 10 hadi 15, zima, rudisha soketi.
4. Rudia kwa 2, 3 na 4.

Silinda isiyo na tatizo ukiizima, mtetemo unaongezeka waziwazi. Ile ambayo ukiichomoa *hakuna kinachobadilika* ndiyo iliyolala. Usichomoe koili injini ikiwa inaunguruma, ingawa utawaona wengi wakifanya hivyo. Umeme wake ni maelfu ya volti, unarusha mkono kwenye feni na unaweza kuua koili nzima.

Tuseme ni silinda ya 2. Sasa usinunue kitu. Hamisha koili ya 2 uipeleke silinda ya 4, na injini ikishapoa, plagi ya 2 uipeleke silinda ya 3 (namna ya kuitoa iko hatua ya 7). Rudia jaribio.

- Kumisi kukihamia 4: koili mbovu.
- Kukihamia 3: plagi mbovu.
- Kukibaki 2: nozeli, waya wake, au kompresheni.

Jaribio hili linakuokolea bei ya koili tatu.

Hatua ya 7: Zisome plagi

Injini iwe imepoa. Hedi ni ya aluminiamu na nyuzi zake zinang'oka plagi ikitolewa ya moto. Legeza boliti namba 10, zungusha koili kidogo, vuta wima. Puliza vumbi kwenye shimo kabla ya kufungua plagi, mchanga usidondokee ndani ya silinda.

Ncha ya rangi ya biskuti: nzuri. Nyeusi kavu kama masizi: petroli nyingi au cheche dhaifu. Nyeusi yenye unyevu wa oili: ringi za pistoni au sili za valvu. Nyeupe kama chokaa: hewa nyingi au joto kali. Kama moja tu ni tofauti na tatu zilizobaki, umepata silinda yako mara ya pili.

Ukikuta shimo la plagi limejaa oili, plagi si kosa. Sili za mashimo hayo kwenye kava ya valvu zimekauka. Badilisha sili, futa oili yote, ndipo ufunge plagi mpya. Vinginevyo oili itaharibu mipira ya koili tena.

Nafasi ya plagi ya kawaida ya injini hii ni mm 1.0 hadi 1.1. Plagi za iridiamu usizigongegonge kurekebisha nafasi, ncha yake ni nyembamba na huvunjika. Funga kwa vidole na ekstensheni bila racheti mpaka ikae. Ikigoma mapema, rudisha nyuma, imeingia upande. Ikikaa, plagi mpya kaza nusu mzunguko. Iliyokwishatumika, kaza kidogo tu, kama saa moja kwenye uso wa saa.

Plagi bandia zipo tele na boksi lake linavutia kuliko la halisi. Angalia maandishi kwenye kauri: ya halisi hayafutiki kwa kucha, na elektrodi ya katikati imekaa katikati kweli.

Hatua ya 8: Hewa

Injini ikiunguruma, pulizia maji kidogo kidogo kwenye mipira yote midogo, kwenye gasketi ya manifoldi, na kwenye mpira mkubwa kati ya eya klina na throto. Mwungurumo ukibadilika ghafla, maji yameziba upenyo, na umepata panapovuja. Wengine hutumia petroli au dawa ya kabureta kwa jaribio hili. Ekzosi iko sentimita chache pembeni. Maji yanatosha.

Kwenye mpira mkubwa, ukunje kwa mkono uone ndani ya mikunjo. Nyufa zake hufunguka injini inapocheza tu.

Throto: zima, fungua mpira, pulizia dawa kwenye kitambaa, futa ukingo wa kipepeo na kuta zake. Throto ya umeme usiisukume kwa kidole swichi ikiwa imewashwa. Baada ya kusafisha, injini inaweza kupanda au kushuka kwa dakika kadhaa hadi kompyuta izoee. Iache iungurume bila AC mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima.

Sensa ya hewa: dawa yake tu, usiguse waya zake kwa pamba wala kidole.

Hatua ya 9: Mauntingi

Gari likitetemeka kwenye D ukiwa umekanyaga breki, na likitulia kwenye N, injini huenda ni nzima. Mtu mmoja akae ndani, breki hadi mwisho, abadilishe D, R, D. Wewe angalia ukiwa pembeni. Asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari. Injini ikiruka na kurudi kwa kishindo, mauntingi, yaani raba inayoshikilia injini kwenye gari, imekatika. Mauntingi ya mtumba mara nyingi mpira wake umezeeka kama wako, hivyo nunua mpya hata kama ni moja.

Hatua ya 10: Kompresheni

Silinda imebaki palepale baada ya kuhamisha koili na plagi? Pima. Injini ya moto, plagi zote nne nje, soketi za koili na nozeli zote zimechomolewa, pedali ya mafuta hadi chini, betri imejaa. Piga stata mpaka geji isipande tena.

Injini mpya ni karibu psi 213. Kikomo cha chini ni 156, na tofauti kati ya silinda isizidi psi 14. Iliyo chini itilie kijiko cha chai cha oili kwenye shimo la plagi, upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi; mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, karibu kila mara ni gasketi.

Bado kuna tatizo?

*Inatetemeka injini ikiwa baridi tu, ikipata moto inatulia.* Sensa ya joto la maji, au hewa inayovuja kwenye gasketi ya manifoldi ambayo hujiziba ikitanuka.

*Inakosa nguvu mlimani lakini imetulia ikisimama.* Filta ya petroli na pampu, vyote viko ndani ya tanki. Kama umezoea kuendesha taa ya mafuta ikiwa inawaka, anzia hapo.

*Nimebadilisha koili mpya na kumisi kumerudi baada ya wiki.* Angalia oili kwenye shimo la plagi, kisha tikisa waya wa soketi injini ikiunguruma.

*Ko-ko-ko kutoka chini.* Thibitisha kwa kuzima silinda moja moja kama hatua ya 6, sekunde chache tu kila moja. Kelele ikipungua kwa silinda fulani, beringi ya konrodi hiyo imeisha. Oili nzito haitaiponya, inaificha tu. Gari lisitembee tena, hata kilomita tano za kwenda gereji, livutwe. Likivutwa sasa, kranki inaweza kung'arishwa na kuwekewa beringi mpya. Konrodi ikitoboa bloku, kinachobaki ni kutafuta injini nyingine.